Msiniagize F-150

Kila ninapopiga simu nyumbani Njombe, mdogo wangu hunikumbusha ombi lake lile lile: nimtafutie F-150 iliyotumika, ile pikapu kubwa ya Ford, niipakie melini, naye atashuka Dar es Salaam kuipokea. Nimeishi Texas miaka 9, na zaidi ya nusu ya muda huo nimeendesha pikapu ya aina hiyo kazini, hivyo sina sababu ya kuidharau. Hata hivyo jibu langu limekuwa hapana, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniagiza, naona ni heri nilieleze kwa maandishi.

Nianze na sifa zake, maana zipo. Umbali wa kutoka Houston hadi El Paso ni karibu kilomita 1,200, na mtu anaweza kuumaliza kwa siku moja ndani ya F-150 akashuka bila mgongo kumuuma. Ikiwa imefungwa vifaa vinavyostahili, huvuta tela la takribani tani 6, ilhali Toyota Hilux hukomea tani 3.5. Wafugaji wa huku huvuta matela ya farasi, na mafundi ujenzi huvuta mitambo midogo, kwa mwendo ambao Hilux ya marehemu baba haikuufikia hata ikiwa tupu. Na Hilux ile ikiwa tupu, sote tuliokaa nyuma yake tunakumbuka jinsi ilivyokuwa ikirukaruka kwenye makorongo hadi meno yakagongana.

Tatizo huanza pale unapotaka kubeba mzigo. F-150 ya dabo kebini inayoonekana kila kona hapa ina urefu wa karibu mita 5.9, lakini bodi lake la nyuma lina urefu wa mita 1.7 tu. Hilux ya singo kebini ni fupi kwa zaidi ya nusu mita, na bodi lake hupita mita 2. Sehemu kubwa ya gari la Kimarekani wamepewa abiria, na kilichobaki kimeinuliwa juu kiasi kwamba kuliingiza gunia la viazi, tena lumbesa ambayo sheria inaikataza na kila mtu anaipakia, kunahitaji wanaume wawili wenye nguvu na wa tatu aliyepanda juu kupokea.

Wengi nyumbani hudhani ukubwa huo ni tabia ya Wamarekani ya kupenda vikubwa. Tabia ipo, ila sheria imechangia zaidi kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ufaransa na Ujerumani Magharibi ziliwekea ushuru kuku wa Kimarekani waliokuwa wakifurika katika masoko yao, na Rais Lyndon Johnson akajibu kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa chache, yakiwemo magari madogo ya mizigo, ulioanza kutumika mwaka 1964. Ugomvi wa kuku ulikwisha zamani, lakini ushuru wa pikapu upo hadi leo, nao umezizuia pikapu ndogo za kigeni. Baadaye zikaja kanuni za matumizi ya mafuta zinazoligawia gari lengo la kubana mafuta kulingana na eneo lililo kati ya magurudumu yake, kwa namna ambayo gari pana na refu hupewa lengo jepesi zaidi. Kiwanda kinachopewa nafuu kwa kutanua gari kitalitanua.

Ndiyo maana sikubali mjadala huu unapogeuzwa kuwa Mmarekani dhidi ya Mjapani. Hilux, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, haipatikani Marekani. Nafasi yake ilichukuliwa na pikapu iitwayo Tacoma mwaka 1995. Juu ya Tacoma kwa ukubwa yupo Tundra, ambaye huundwa San Antonio, hapa hapa Texas, naye ni mpana karibu sawa na F-150. Kampuni ni ileile ya Toyota, lakini ikifika kwenye soko hili hutengeneza gari la soko hili. Wala Ujapani si kinga ya kila ubaya: Tacoma nyingi zilioza chesisi kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na Toyota ililazimika kugharimia kuzibadilisha. La kuchekesha ni kwamba sasa wapo wakulima wa Kimarekani wanaoagiza kutoka Japani vigari vya mizigo vya injini ya sentimita za ujazo 660, vyenye upana usiozidi mita 1.48, na kwa kuwa sheria hudai gari la namna hiyo liwe na umri wa miaka 25, hununua yale ambayo Wajapani wameyachoka.

Sasa turudi kwa mdogo wangu na barabara zake. Usukani wa F-150 uko kushoto, nasi tunaendesha kushoto. Anayefahamu mlima Kitonga ajiulize atalipitaje lori linalotambaa kwenye kona zile, akiwa ameketi upande wa ukingo na hamwoni anayeshuka, ndani ya gari lenye upana wa zaidi ya mita 2 kabla hujahesabu vioo vya pembeni. Bodi zima la F-150 tangu toleo la mwaka 2015 ni la alumini, ambayo haichomelewi kama bati la chuma, na injini yake inayopendwa zaidi ina turbo mbili na kompyuta inayosimamia kila tone la petroli. Huku Texas, taa ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huchomeka kifaa chake na spea hufika kesho yake. Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, hulifikisha tatizo lake kwa sauti na moshi, na fundi yeyote mwenye masikio mazuri pale Makambako atalitambua kabla hujazima gari. Mimi binafsi naona hiyo ni sehemu ya ubora wa gari, ingawa haiandikwi kwenye karatasi ya muuzaji.

Jumapili iliyopita nilimweleza mdogo wangu haya yote, nikamwambia atafute Hilux ya singo kebini ya dizeli, nami nitachangia fedha ambazo zingeliwa na meli. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akanishukuru, kisha akaniuliza kama Ram, zile pikapu nyingine kubwa za Kimarekani, nazo zinapatikana kwa bei nzuri.