Ukaguzi wa Nje Vyuoni Unapimwa kwa Kipimo Kisicho Chake

Malalamiko ya wahadhiri dhidi ya ukaguzi wa nje wa ubora, ambapo jopo la watu wa nje huja kukikagua chuo, yana msingi. Wiki kadhaa kabla jopo halijafika, idara nzima huhangaika na makabrasha, na sera zisizosomwa na mtu hutafutwa sahihi haraka haraka. Tena ni vigumu kuthibitisha kwamba ufundishaji ulipanda kwa sababu ya ukaguzi, maana bajeti, uongozi na idadi ya wanafunzi navyo hubadilika.

Ila ukaguzi huu haukuwekwa kupima somo moja moja. Finland ilipouanza mwaka 2005, ilichokagua ni mfumo: je, chuo kina njia ya kuzijua kasoro zake na kuzirekebisha? Kisichofaulu hukaguliwa upya.

Hapo ndipo naona thamani yake. Jopo huketi na wanafunzi bila wahadhiri wao na kuwauliza: mlipolalamika kwamba kazi zenu zinarudishwa muhula ukiwa umekwisha, nani aliwajibu? Kisha hufungua mihtasari ya vikao vya idara kulitafuta lalamiko hilo. Mara nyingi halimo. Fomu za maoni zilijazwa, wastani ukapigwa, zikafungiwa kabatini; mwaka uliofuata wanafunzi wengine wakaandika yale yale. Mtahini wa nje hawezi kuliona hilo, kwani yeye huletewa mitihani na majibu. Mkuu wa idara naye hana haja ya kulifukua. Anayeweza kulifuata kutoka kinywa cha mwanafunzi hadi lilipozimika ni mgeni mwenye mamlaka ya kuuliza. Ndiyo maana naunga mkono viwango vya Ulaya vya ubora wa elimu ya juu vya mwaka 2015 vinavyotaka mwanafunzi awe mjumbe wa jopo, asiwe shahidi tu.

Udhaifu ninaouogopa zaidi kuliko makaratasi ni upole. Wakaguzi wengi ni wanataaluma wa vyuo vingine ambavyo kesho navyo vitakaguliwa, kwa hiyo lugha ya ripoti hulainishwa. Na matokeo yakifungamanishwa na ruzuku, chuo hujifunza kuficha, hata ile tathmini ya ndani inayotangulia ziara ikageuka tangazo. Afadhali ripoti ichapishwe yote, pesa ikae mbali nayo, na jopo lirudi baada ya mwaka mmoja au miwili kuuliza kila pendekezo limefikia wapi, likianza na wanafunzi.