Komatiti: dai la asilimia 6 ya maji limeanguka, la 0.6 halijajibiwa
Tangu ndugu wawili wa ukoo wa Viljoen waeleze komatiti, lava za kale zenye magnesi nyingi mno, za mto Komati, karibu na Barberton, Afrika Kusini, mwaka 1969, mabishano ni yale yale: lava hizi zilizeyuka kutoka mantili (tabaka la mwamba lililo chini ya ganda la dunia) kavu yenye joto la kutisha, au mantili yenye maji?

Kambi ya ukavu ina uzito wake. Kwa kanuni yao, 1000 jumlisha mara 20 ya asilimia ya oksidi ya magnesi, lava yenye asilimia 30 ilitoka ikiwa na nyuzi 1600 za Selsiasi. Basalti za Hawaii leo ziko karibu na 1200. Mwaka 1997 Parman, Grove na wenzao walisoma pairoksini, madini ya lava hizo, za Barberton wakakadiria maji ya asilimia 4 hadi 6, nao wakabanwa kwa haki. Magma ya namna hiyo ikikaribia juu hutema mvuke, fuwele hujaa mapema, mwamba huachwa na matundu. Utetezi wao, kwamba magma hiyo iliganda chini ya ardhi, unagongana na mitiririko inayoonekana uwandani.

Lakini hukumu ya asilimia 6 imesomwa kama hukumu ya maji yote, na hapo siafiki.

Kupima maji haya kuna mitego. Mwamba mzima haufai: olivini, madini yake makuu yenye magnesi, imegeuka sepentini, madini yenye maji, kwa hiyo maji unayopata yaliingia baadaye. Ukichukua sehemu ya chini ya mtiririko, olivini iliyotuama inazidisha magnesi na joto unalokokotoa linapanda bure. Kinachobaki ni vitone vya myeyuko vilivyonaswa ndani ya olivini mbichi. Hata hivyo hidrojeni hupenya olivini ikiwa ya moto, na ukivichoma tena maabara kwa muda mrefu unapoteza zaidi.

Sobolev na wenzake, mwaka 2016, walipata katika vitone vya Abitibi, Kanada, oksidi ya magnesi hiyo hiyo ya asilimia 30 pamoja na maji asilimia 0.6. Wengi wanaipuuza namba hiyo kwa kuwa inashusha joto la kuyeyuka kwa makumi machache tu ya nyuzi. Kweli, joto la kambi ya ukavu linabaki. Ila maji hukimbilia myeyuko: theluthi ya mantili ikiyeyuka, chanzo kilikuwa na takriban asilimia 0.2. Mantili inayolisha migongo ya bahari, safu za volkano za chini ya bahari, leo ina 0.01 hadi 0.02. Tofauti ni mara kumi au zaidi, na lazima ielezwe.

Ghala la maji hayo lipo: madini ya kina cha kilomita 410 hadi 660 yanaweza kubeba maji, na ringwudaiti, mojawapo ya madini hayo, iliyonaswa ndani ya almasi ya Juína, Brazili, iliyotangazwa 2014, ilikuwa nayo zaidi ya asilimia 1. Kisha, mwaka 2019, vitone vya miamba ya Weltevreden huko Barberton, vya miaka bilioni 3.3, vilionyesha klorini nyingi na hidrojeni yenye deuteri (hidrojeni nzito) kidogo, dalili ya ganda la bahari lililozama kabla.

Klorini peke yake hainiridhishi, maana magma inaweza kuila ikipita kwenye miamba iliyolowa maji ya bahari. Nayo chuma ya vitone vya Belingwe, Zimbabwe, iliyopimwa 2008, haikuoksidika kupita kiasi, jambo linalofaa zaidi joto kuliko maji mengi. Kipimo cha kuamua ni uwiano wa maji kwa seriamu, elementi inayoambatana na maji mwamba unapoyeyuka, katika kitone kile kile: magma iliyochafuliwa njiani itautawanya ovyo, chanzo cha kina kitauweka karibu sawa kutoka kitone hadi kitone.