Ndiyo, Tumekifuta Kiunganishi Chako

"Mmeniulia nyumba." Ujumbe ulianza hivyo, bila hata salamu, kisha zikafuata aya za hasira tupu. Mwenye ujumbe alisasisha mfumo wetu, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani, kiyoyozi chake kikatoweka kwenye skrini, na kwa hukumu yake wakosaji ni sisi tunaoutunza mradi huu kwa saa tunazoziiba kwenye usingizi. Akamalizia kwa swali: kwa nini mnafuta kitu kinachofanya kazi?

Hakikuwa kinafanya kazi. Kampuni ya kiyoyozi ilibadilisha utaratibu wa kuingia kwenye seva zake, ikaacha kutoa tokeni (vibali vya kidijitali vya kuingilia) za aina ya zamani, na aliyekiandika kiunganishi, yaani msimbo unaouwezesha mfumo wetu kuzungumza na kifaa hicho, alikuwa ameshauza kiyoyozi chake na kuendelea na maisha. Malalamiko yakarundikana, kila mmoja akiongeza "na kwangu pia". Kwa huyu bwana kilikuwa bado kinapumua kwa sababu moja tu: tokeni yake ya zamani haikuwa imeisha muda. Tungekiacha, kingemfia mikononi baadaye kidogo, na tungepokea barua ileile yenye tarehe nyingine.

Nilimjibu kwa adabu. Adabu hiyo imeniishia, kwa hiyo hapa naandika ninavyofikiri: kiunganishi ambacho hakuna mtunzaji mwenye kifaa chake mkononi kinapaswa kufutwa, na kukifuta ni kazi halali ya utunzaji, sawa na kukiandika.

Wahenga walishasema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kuandika kiunganishi kipya ni raha. Umenunua swichi, unanasa mazungumzo yake na programu ya simu, unagundua kwamba usimbaji fiche wanaojivunia watengenezaji kwenye boksi ni ufunguo mmoja kwa kila kifaa walichouza, na usiku wa manane taa inawaka kwa amri uliyoiandika mwenyewe. Unaleta msimbo, tunaupitia, tunaupokea, unapigiwa makofi. Halafu unahama nyumba, au unapata mtoto, au swichi inaungua. Hakuna ubaya, hukusaini mkataba na mtu. Lakini msimbo umebaki kwetu, na sisi swichi hiyo hatunayo. Wengine hatujawahi kuiona hata kwenye picha.

"Si mngeuacha tu? Unawala nini?" Hili ndilo swali linalonipandisha presha, maana linaulizwa kana kwamba msimbo ni jiwe, ukiuweka pale unakaa.

Chukua majaribio. Kila kiunganishi chetu kina majaribio ya kiotomatiki, na majaribio hayo hayajawahi kuzungumza na kiyoyozi cha mtu yeyote. Yanatumia majibu ya seva yaliyorekodiwa siku msimbo ulipoandikwa. Seva halisi inaweza kuzimwa, kampuni ikafilisika, ofisi zake zikapangishwa kwa watu wengine, na majaribio yakaendelea kupita kila siku, alama ya kijani, mpaka kiama. Anayetazama mradi kutoka nje anaona kila kitu kizima. Sisi tulio ndani tunaona kila kitu kizima. Anayeujua ukweli ni yule aliyesimama sebuleni anabonyeza kitufe na hakuna kinachotokea, na yeye alama zetu za kijani hazimhusu. Kwa hiyo kiunganishi kisicho na mwenye kifaa hakituletei msaada wowote wa kugundua kimekufa. Kinatudanganya, tena kwa uso mkavu.

Halafu kuna maktaba, yaani msimbo wa wengine ambao msimbo wetu unauegemea. Kiunganishi cha aina hii mara nyingi hakizungumzi na seva chenyewe. Kinategemea maktaba ndogo ya Python, lugha tunayoandikia programu, iliyoandikwa na mtu yuleyule aliyetoweka, nayo imefungwa kwenye toleo moja la maktaba nyingine kubwa zaidi. Siku tukitaka kuipandisha ile kubwa kwa sababu ya tundu la usalama, mfumo mzima unagoma kwa heshima ya kiyoyozi kisichowaka. Na Python nayo haimsubiri mtu. Toleo la 3.12, Oktoba 2023, liliondoa distutils, zana ya kufungasha programu. Toleo la 3.13, Oktoba 2024, likaondoa telnetlib, moduli ya telnet (njia ya zamani ya kutuma amri kwenye mtandao), na moduli nyingine kadhaa za kizee. Kwa waandishi wengi wa programu hiyo ni habari ya mstari mmoja. Kwetu ni msiba, kwa sababu vikuza sauti na projekta nyingi za majumbani bado vinapokea amri kwa telnet. Kila kiunganishi kilichoegemea moduli ile kilihitaji mtu wa kukiandika upya, na penye mwiba ni hapa, wa kukijaribu kwenye kifaa halisi. Kuandika upya naweza hata nikiwa nasinzia. Kujaribu nijaribu kwenye nini? Niuamrishe ukuta uongeze sauti?

Sijagusa bado kwamba viunganishi hivi vimeshika nywila na tokeni za watu, na kwamba msimbo usiosomwa na mtu huku umeshika funguo za nyumba za watu ni kitu ambacho mtunzaji mwenye akili timamu hawezi kukilalia akapata usingizi.

"Kama mmechoka, wapeni wengine ruhusa." Ushauri huu nao hauishi. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund alishangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafukua, akakuta mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia, umepandwa ndani ya xz, maktaba ya kubana faili. Aliyeupanda alitumia zaidi ya miaka miwili kujipendekeza kwa mtunzaji mmoja aliyechoka, huku akaunti nyingine zikimsukuma mtunzaji huyo kwamba anachelewesha mambo, awape wengine nafasi. Kwa hiyo mtu nisiyemjua akiniandikia kwa ukali kwamba tumkabidhi ruhusa ya kuchapisha matoleo, nacheka kidogo kisha naendelea na shughuli zangu. Mfumo huu unafungua makufuli ya milango. Milango yenyewe, ya mbao na chuma.

Sasa kuhusu lawama. Mtu amelipa pesa nzuri kwa kampuni, kampuni imefunga mlango, naye anakuja kumfokea asiyemlipa hata senti. Naelewa kwa nini: sisi tunajibu. Ukiandikia kampuni unapokea namba ya tiketi na maneno ya shukrani yaliyoandikwa na mashine. Ukituandikia sisi unapata binadamu mwenye aibu. Lakini historia ya biashara hii iko wazi. Kasha la Revolv, la kuendeshea vifaa vya nyumbani, liliuzwa dola 300 likiwa na ahadi ya huduma ya maisha yote. Nest, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumbani, ikainunua kampuni hiyo mwaka 2014, na Mei 2016 likazimwa. Maisha ya nani, hawakusema. Aprili 2022 seva za Insteon, watengenezaji wa swichi za taa, zilizimika bila taarifa, na waliokuwa wakiendesha vifaa vyao kwa programu huria ndani ya nyumba zao wakaendelea kuwasha taa huku wengine wakibonyeza programu ya simu isiyoitika. Mwishoni mwa 2023 Chamberlain, wenye milango ya gereji ya myQ, wakaziba njia zote za programu za nje zisizoidhinishwa, na Home Assistant, mradi mwingine huria wa nyumba kama wetu, wakakiondoa kiunganishi chake katika toleo la Desemba mwaka huohuo. Walifanya vizuri! Waliacha kukimbizana. Januari 2024 Haier, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya nyumbani, wakamtishia kwa sheria mtu aliyeandika nyongeza ya Home Assistant kwa ajili ya vifaa vyao, yaani vifaa ambavyo watu wameshavinunua. Watu wakanakili msimbo wake kila kona ya dunia, na kampuni ikalegeza sauti. Hilo la mwisho linafurahisha, ila usilichukulie kama mpango wa kazi. Huwezi kuendesha nyumba kwa kutegemea kampuni ione aibu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kampuni zina hoja moja. Chamberlain walilalamika kwamba kikundi kidogo mno cha watumiaji kilikuwa kinazalisha sehemu kubwa ya maombi kwenye seva zao, na hilo siwezi kulikana kwa jumla. Kiunganishi kinachoiuliza seva "mlango umefungwa?" kila baada ya sekunde chache, kutoka maelfu ya nyumba, usiku kucha, ni usumbufu kwa anayelipia seva. Dawa yake ilikuwa kutoa kiolesura rasmi, njia ya programu kuzungumza na seva, kinachotoa taarifa hali inapobadilika. Au, nathubutu kusema, kuacha mlango wa gereji uzungumze na kompyuta iliyo mita chache kutoka hapo, bila safari ya kwenda bara jingine na kurudi. Waungwana wa ratgdo walifanya hivyohivyo: kibao kidogo chenye chipu ya ESP8266, kinaunganishwa na mota kwa nyaya, seva ya mtu haihusiki.

Na hapa ndipo ninapowatofautisha. Nikisema kiunganishi kisicho na mwenye kifaa kifutwe, najua vya ndani ya nyumba vinaumia kidogo kuliko vya wingu, vile vinavyopitia seva za kampuni. MQTT, itifaki ya kurusha ujumbe mfupi kati ya vifaa, ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper ili kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia satelaiti, mahali ambapo kila baiti ilikuwa na bei. Kihisi cha joto kinachorusha namba zake kwa itifaki hiyo hakina akaunti, hakina tokeni ya kuisha muda, hakijui kampuni imeuzwa kwa nani. Kikikatika, dalali wa ujumbe, programu inayopokea na kusambaza ujumbe, anatangaza wosia kilioacha mapema na mfumo unajua hakipo. Vitu vya namna hii kwenye mradi wetu vinakaa miaka bila kuguswa na hakuna anayelia. Ukipitia orodha ya hitilafu zetu, kinachonuka karibu kila mara ni cha wingu. Home Assistant wanamlazimisha kila mwandishi wa kiunganishi atamke: ni cha ndani au cha wingu, kinataarifu chenyewe au kinasubiri kuulizwa? Wazo hilo tumelichukua kama lilivyo na sioni aibu. Mnunuzi angekuwa na akili angelisoma neno hilo moja kabla ya kusoma rangi ya kifaa.

Mtasema Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumbani, imekuja kutuokoa. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2022, linafanya kazi ndani ya nyumba, nalipenda, na bado watengenezaji wanaziweka zile kazi tamu kwenye programu zao wenyewe na kukuachia kuwasha na kuzima.



Michango inayoandikwa na roboti za lugha nayo imefika. Msimbo safi, maelezo marefu yenye heshima, majaribio yote yanapita. Ukimuuliza aliyeuleta kifaa chake kiko toleo gani la programu ya ndani, anajibu kwamba hana hicho kifaa, alitaka kusaidia tu. Ahsante. Tumezalisha yatima kabla ya kuzaliwa.

Watumiaji nao wana hoja, na ninawapa nusu yake. Kuamka na kukuta kitu kimetoweka bila onyo ni uchungu, na miradi yote ya aina hii, mikubwa na midogo, imewahi kuwa na pupa ya kubomoa. Kwa hiyo onyo litolewe mapema, lionekane kwenye skrini ya mfumo wenyewe, maana maelezo ya toleo hayasomwi na mtu, hata na walioyaandika. Lieleze kilichotokea, nani alifunga mlango, na kama kuna njia ya ndani ya nyumba. Hiyo nusu nyingine ya hoja, kwamba tuendelee kukitunza kifaa chako kwa sababu ulikinunua, hapana. Leseni inasema wazi kwamba programu inatolewa jinsi ilivyo, bila dhamana. Ukitaka kurudishiwa ulichotulipa, niandikie. Nitakurudishia yote, na riba ya asilimia mia.

Kuna mtu atasema huu ni ukatili, kwamba mradi unapimwa kwa wingi wa vifaa unavyoviunga mkono. Najua. Namba hiyo inang'aa kwenye ukurasa wa mbele: vifaa mia kadhaa, elfu kadhaa. Mimi nadhani namba hiyo ni uongo tunaojiambia sote. Ningependa kuona mradi unaotangaza idadi ya viunganishi vyenye binadamu nyuma yake, mwenye kifaa mezani, aliyekiwasha mwezi huu. Namba ingeporomoka vibaya sana. Lakini mgeni anayekwenda dukani akiwa na orodha hiyo mkononi asingenunua kiyoyozi cha kumliza.

Basi utaratibu ni huu. Toleo lijalo litaonyesha onyo kwa kila kiunganishi ambacho faili ya wamiliki haina jina la mtu, na toleo linalofuata litavifuta. Ukiwa na kifaa na uko radhi jina lako liandikwe, lete. Hatuhitaji uwe fundi wa Python, tunahitaji uweze kubonyeza kitufe na kutuambia kimetokea nini. Kikuza sauti kimoja cha telnet kimeshapata mwenyewe. Tayari tunabishana naye kuhusu namna ya kufunga soketi, yaani muunganisho wa mtandao, na anabisha vizuri.