Mbwa wa Kilo Tatu na Dawa za Maisha: Nani Ampokee Kigoma?

Mkataba wa shirika ukifika mwisho Kigoma, mali ya nyumba hutangazwa WhatsApp: jokofu, jenereta, kochi la watu watatu, na mwishoni kabisa, bila bei, mbwa. Mkoa huu umezoea watu wa kuja na kuondoka. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996, na miaka yote hiyo ofisi za misaada zimekuwa zikileta wafanyakazi wa mwaka mmoja au miwili na kuwaondoa. Watumishi wa serikali nao huhamishwa. Mbwa ninaomzungumzia hapa si wa kienyeji anayelinda geti. Ni yule mdogo wa ndani, Maltese, Pomeranian, Chihuahua au Shih Tzu, aliyenunuliwa Dar au Arusha akiwa mtoto na ambaye sasa ana miaka minane. Tangazo linasema anahitaji mtu mwenye upendo. Ukipiga simu ndipo unapoambiwa kuhusu moyo wake.

Wapo wanaoona kumpokea mbwa wa namna hii ni anasa, na hoja yao si ya kubeza. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, wengi Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Ili ugonjwa huo ukatike mahali, lengo linalowekwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa hapo. Mbwa hao wako Mwandiga, Uvinza na Kasulu, na hakuna anayewatafutia mlezi kwa picha. Kwa nini basi fedha ziende kwenye matibabu ya goti la Chihuahua?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba fedha hizo hazitoki mfuko mmoja: anayechangia matibabu ya Maltese aliyemwona kwenye simu asingechangia chanjo ya mbwa wa Uvinza. Ni kweli. Ila jibu hilo linaruka kitu. Kinachopungua huku si shilingi peke yake, ni saa za daktari wa mifugo. Ng'ombe ni wake, mbuzi ni wake, nyama ya machinjioni ni yake, kampeni ya chanjo ni yake. Akitumia nusu siku kung'oa meno ya mbwa mmoja aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, kuna mfugaji amesubiri. Ukinipa hoja ya anasa kwa shilingi nitabishana nawe. Ukinipa kwa saa za daktari, sina haraka ya kubisha.

Upande wa pili unaanza na jambo jepesi kulisema: mbwa yupo tayari. Hakuna anayependekeza aagizwe kutoka ng'ambo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemmiliki au kumtunza mnyama asimwache ateseke bila sababu, na mbwa aliyezoea kulala ndani hawezi kufunguliwa geti la Gungu akajitafutie. Tena maradhi yake mengi hayakutokana na uzembe wake wala wa mlezi wake wa mwisho. Yalitengenezwa na binadamu waliotaka umbo fulani. Mbwa mkubwa wa polisi ana meno 42, na Chihuahua wa kilo mbili anazo taya ndogo mno lakini meno ni 42 yaleyale. Yanabanana, uchafu unaganda, fizi zinaoza. Pug na Shih Tzu wamefupishwa pua, lakini nyama laini za ndani ya koo hazikufupishwa kwa kiwango hicho, ndiyo maana wanakoroma hata wakiwa macho.

Hadi hapo pande zote mbili zina haki yake, na ningeweza kuishia kwenye huruma. Shida ni kwamba neno “mgonjwa” linabeba vitu visivyofanana hata kidogo, na uamuzi wa kumpokea au kutompokea unatakiwa uanzie hapo.

Chukua kikohozi. Mbwa mdogo anayekohoa kama bata anaweza kuwa na bomba la hewa la kooni linalolegea na kujibana anapovuta pumzi. Huyu akipata mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni, akapunguzwa uzito na kuwekwa mbali na moshi wa jiko la mkaa, mara nyingi anaishi vizuri kwa dawa kidogo. Lakini kikohozi hichohicho kinaweza kutoka kwenye moyo. Valvu ya upande wa kushoto huchakaa mapema kwa mbwa wadogo, na dawa inayosaidia zaidi, pimobendan, hutolewa mara mbili kwa siku hadi mwisho wa maisha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa ambao moyo umeshatanuka lakini haujashindwa kazi waliopewa dawa hiyo walichelewa kufikia hatua ya kushindwa kwa takriban miezi 15. Miezi 15 ni mingi kwa mbwa. Lakini anayekwenda kuitafuta dawa hiyo kwenye maduka ya dawa za mifugo yaliyopangwa madawa ya kuogesha ng'ombe atarudi mikono mitupu, na itabidi iagizwe. Furosemide ya kutoa maji mwilini inapatikana hata famasi ya watu, pimobendan hapana. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye mbwa ni “dawa zake zinatoka wapi, na nani atazituma akiba ikiisha,” na hilo la upendo lisubiri.

Goti nalo lina ngazi zake. Kifuu cha goti kinachochomoka na kurudi chenyewe, daraja la kwanza au la pili, mara nyingi kinadhibitiwa kwa kumzuia asinenepe na asirukeruke kwenye makochi. Daraja la tatu na la nne huhitaji upasuaji, na upasuaji wa mifupa ya mbwa wa kilo tatu unamaanisha safari: Dar, Arusha au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Reli ya kati kutoka Kigoma hadi Dar ni kama kilomita 1,250. Mwenye pua fupi, kwenye joto la Oktoba, ndani ya boksi, anaweza kufa njiani kabla goti halijaangaliwa na mtu.

Halafu kuna maradhi ya huku kwetu, na hapa nadhani wapenda mbwa wa mjini wanatuzidi vitabu tu. Nyika za magharibi zina mbung'o, na nagana, malale ya mifugo wanayoyaeneza, haimwachi mbwa. Dalili yake mojawapo ni macho kuingia ukungu mweupe au wa bluu. Mtu aliyesoma kwamba Shih Tzu husumbuliwa na macho makavu ataendelea kutia matone, kumbe vimelea viko kwenye damu. Dawa ya nagana ya ng'ombe ipo, lakini kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni finyu, na kimelea kikishaingia kwenye ubongo dawa hiyo haikifikii ipasavyo. Kupe nao huleta ugonjwa unaomfanya mbwa avuje damu puani; huo kwa bahati nzuri hutibiwa kwa doksisaiklini, kawaida kwa siku 28, dawa ambayo famasi ya mtaani inayo.

Vipimo vya dawa ndivyo vinavyoua. Ivermectin, dawa ya minyoo ya ng'ombe, ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika mililita moja. Hata ungefuata kiwango kilekile cha ng'ombe, mikrogramu 200 kwa kilo, mbwa wa kilo tatu anastahili mililita 0.06. Jaribu kuipima kwa bomba la kudungia ndama. Panadoli moja ya miligramu 500 kwa mbwa huyo ni zaidi ya miligramu 160 kwa kila kilo, kiasi cha kuharibu ini, na bado ndicho kitu cha kwanza ambacho mwenye huruma atafikiria kumpa akilia usiku. Chakula pia: mchuzi wa mawese wenye vitunguu, ambao mbwa wa kienyeji angeramba akaenda zake, unaweza kumlaza huyu, mafuta yakiligusa kongosho na vitunguu vikiigusa damu. Dagaa wetu waliokaushwa bila chumvi, wakachemshwa na wali, ni chakula kizuri kwake, hata mwenye maradhi ya moyo. Angalau hapo Kigoma inaishinda Dar.

Wanaolaumu watu wa Ujiji kwa kutopokea mbwa hawa nao wapunguze sauti. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa huku wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda anawekwa uani na hakuna ugomvi. Mbwa ambaye hawezi kuishi uani, anayepaswa kulala chumbani na kubebwa mkononi, ni suala jingine, hasa kwenye nyumba za kupanga ambako familia nne zinatumia uwanja mmoja na bomba moja. Hilo linapunguza nyumba zinazofaa, na si ukatili wa mtu yeyote.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulikwepa: sindano ya kumlaza moja kwa moja. Wenye huruma huona ni usaliti, wenye hoja ya anasa huogopa kuonekana wakatili, kwa hiyo mbwa aliyefikia hatua ya kupumulia mdomo wazi usiku kucha anapitishwa mlezi wa tatu, wa nne. Kwangu, mbwa ambaye moyo umeshashindwa, aliyekosa dawa ya uhakika na asiyeweza kusafiri, asitafutiwe mlezi. Alazwe na daktari, mwenye mbwa akiwapo, kabla ya lori la mizigo kufika. Kumwachia jirani kazi hiyo kwa jina la zawadi ni kumtwisha deni la mwingine.

Waliobaki, wenye kikohozi cha koo, goti la daraja la chini au jicho linalohitaji matone, wapokelewe, na uangalizi wao uko ndani ya uwezo wa nyumba nyingi za Kigoma. Ila anayeondoka aache cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, maandishi ya daktari yenye uzito na dozi, dawa za miezi sita, na akiba ya fedha kwa mtu anayeaminika. Najua wapo watakaosema masharti hayo yatawafanya watu wamtupe mbwa kimyakimya. Baadhi watafanya hivyo. Lakini mtu aliyelipia ndege ya mizigo yake hashindwi kulipia chanjo.

Sharti la mwisho ndilo litakaloleta kelele zaidi. Wapo wanaojitokeza haraka kumpokea jike la Pomeranian lenye goti bovu, na swali lao la kwanza ni kama bado linazaa, kwa sababu watoto wake wana bei. Mahakama ya Juu ya Norway mwaka 2023 iliona kwamba ufugaji wa mbwa wadogo wa aina ya Cavalier King Charles ulivyokuwa ukifanywa unavunja sheria ya ustawi wa wanyama, kwa maradhi ambayo mbwa hao hurithishana. Kigoma hakuna atakayefikishwa mahakamani kwa jambo hilo, kwa hiyo kazi inabaki kwa anayetoa. Dume lihasiwe na jike lifungwe kizazi kabla ya kukabidhiwa, na pale ambapo moyo hauruhusu dawa ya usingizi, likabidhiwe kwa nyumba isiyo na dume. Anayesita kwa sharti hilo aambiwe mbwa ameshapata mtu.