Chura wa Portland na kipande changu

Kuna jamaa tunakaa naye mkabala ofisini, mzungu wa hapa hapa Oregon, Marekani, mpole, anaandika programu za kompyuta kama mimi, ukimsikia anaongea ujue ni hitilafu kwenye programu imemsumbua. Jumamosi huyo mtu anakuwa chura. Sitanii. Ana lile vazi la kijani la kujazwa hewa, feni ndogo imeshonewa nyuma, ukiwasha linavimba mpaka anabaki puto lenye miguu. Anapanda treni hapa Hillsboro akiwa na begi utadhani anaenda jim, akishuka Portland anavaa, anakata viuno mbele ya jengo la ICE, ile idara inayokamata na kufukuza wahamiaji, na wale askari wamesimama na bunduki zao, vinyago vya gesi usoni, wanamwangalia tu. Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi anatueleza alichorekebisha wiki jana kama kawaida.

Kwa ambao hamkufuatilia, Septemba 2025 Trump alisema Portland imeharibiwa na vita na anatuma wanajeshi. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya kahawa, vita sikuiona. Mwanzoni mwa Oktoba askari mmoja akampulizia chura mmoja pilipili kwenye tundu la kuingiza hewa, video ikazunguka dunia nzima, na kuanzia hapo kila mtu akataka vazi, dinosaria, kuku, farasi wenye pembe moja, mpaka watu wakaanza kuyagawa bure. Kule kwetu Kenya wakubwa wanapenda sana ile methali ya kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini hawa vyura walifika mpaka mahakama ya rufaa, jaji Susan Graber aliyepinga uamuzi wa wenzake wa kumruhusu Trump kutuma wanajeshi, Oktoba 20, aliwataja kabisa kwa maandishi, kuku na vyura wa kujaza hewa na hata wale wanaoandamana uchi, akasema kukubali kwamba hapo ni uwanja wa vita mtu anaweza kuona ni kichekesho.

Sasa mbona mtu wa kompyuta ajitese hivyo? Nilimuuliza. Akasema mifumo ya kuwasaka watu inaandikwa na watu kama sisi, wanaokula lanchi ya bure kama sisi. Na kweli, Palantir, kampuni ya kuchambua data, walipewa na ICE mkataba wa dola milioni 30 hivi mwaka 2025 kutengeneza mfumo wa kufuatilia wahamiaji unaoitwa ImmigrationOS. Wafanyakazi wa Microsoft walishalalamikia mkataba wa ICE tangu 2018, na Januari 2026 baada ya Renee Good kupigwa risasi na askari wa ICE na kufa Minneapolis, watu wa teknolojia kutoka kampuni kibao waliweka majina yao kwenye barua wakitaka mabosi wao wapige simu White House na wavunje hiyo mikataba. Majina yao kabisa. Mimi niliifungua hiyo barua mara tatu, nikaifunga mara tatu.

Binamu yangu wa Umoja, Nairobi, haelewi. Ananitumia voisi, "we si ulikuwa unatutukana eti tumelala, mbona wewe hatukuoni na chura?" Yeye Juni 2024 alikuwa mjini siku zote kwenye maandamano ya kupinga mswada wa fedha, na mimi huku nilikuwa nashea kila kitu, memi, ile GPT, programu ya akili bandia ya kueleza huo mswada, nacheka kwa sauti. Nilisahau kwamba kucheka kwake kulikuwa na bei. Halafu Mei 2025, Rose Njeri, developa kama mimi, alikamatwa kwa kutengeneza tovuti ya kuitumia kamati ya bunge barua pepe za kupinga mswada wa fedha kwa kubofya mara moja, akalala ndani mpaka Madaraka Dei ikapita, na baadaye mahakama ikaitupa kesi. Lakini akitoka anarudi kwao, hakuna wa kumfukuza Kenya. Mimi nikishikwa, hata kama kesi itafutwa, viza yangu inategemea kazi na kazi inategemea bosi asichoke na mimi. Yule chura mwenzangu akipelekwa selo atarudi na stori.

Halafu kuna hili linaloniwasha. Aprili 2014 nilikuwa chuo, Nairobi, ile operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, mtaa wa Eastleigh ukazingirwa, Wasomali kwa maelfu wakakamatwa, wengine wakarundikwa uwanja wa Kasarani wakisubiri kuhakikiwa, na wapo waliokuwa na vipande, yaani vitambulisho, halali kabisa mfukoni. Mimi nilikuwa napita Thika Road na matatu kila siku. Nilikuwa naangalia ule uwanja, narudi kwenye simu yangu. Na si kwamba hatukujua mzaha wa barabarani, mwaka mmoja tu kabla mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walikuwa wamemwaga nguruwe mbele ya Bunge kwa sababu wabunge walitaka kuongezwa mshahara, nchi nzima ikacheka. Kwa mishahara tulileta nguruwe. Kwa jirani zetu wa Eastleigh mimi sikuleta hata kuku.

Mama akipiga simu ananiambia "mwanangu, hayo ni mambo ya wenyewe, wewe fanya kazi." Namwitikia, "ndio mama."

Wiki iliyopita jamaa akaniomba pawabanki, betri zake zinaisha haraka kwenye baridi. Nikampelekea kwake jioni. Vazi lilikuwa limelala kwenye sakafu ya gereji, limenywea, lina alama za matope magotini. Akaniambia jaribu. Nikamwomba afunge mlango wa gereji kwanza, akafunga. Ndani kuna harufu ya plastiki na jasho lake, husikii kitu ila feni, unaonea kwenye kidirisha kidogo shingoni mwa chura. Nikanyanyua mguu mmoja, nikanyanyua wa pili. Jamaa akapiga makofi. Nilikaa humo kama dakika kumi.

Pawabanki nimemwachia.