Godoro la Roshani

Jamani, mie nina zamu ya usiku ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na mshahara sipewi. Saa tano watu wamelala, mie nimembeba kijana wa miaka sita begani, kichwa kinaning'inia, namsimamisha chooni: "Haya baba, kojoa." Anakojoa macho kayafumba. Saa kumi alfajiri shuka limeroa vilevile! Sasa ile ya saa tano ilikuwa ya nini?

Nawe unakaa Michenzani, ghorofani. Godoro utalianika wapi kama si roshani? Lile duara la manjano linaangalia barabara kama bendera ya nchi mpya, na wapita njia wanalisoma. Masika ndiyo haya tena. Sponji ikiroa Jumatatu, Ijumaa ukiikalia bado inatoa maji.

Barazani kila mtu tabibu. Mmoja kanambia nimfunge chura kiunoni. Chura nimpate wapi huku juu? Mwengine kasema mchape. Umchape mtu kalala, kosa kalifanya saa ngapi? Daktari katwambia wazi: mtoto hafanyi kusudi, usingizi wake mzito na kibofu bado hakijakomaa, kumpiga ni kumzidishia. Wengi huacha wenyewe wakikua. Angekuwa kaacha zamani kisha kaanza tena ghafla, hapo ndipo pa kukimbilia kupima mkojo na sukari. Akamalizia kuwa mara nyingi hurithiwa. Mie na mke wangu tukatazamana, kila mmoja anangoja mwenziwe aseme. Mama yangu, aliyekuja kutusindikiza tu, akaanza kucheka peke yake. Nikamwambia mama, twende zetu.

Masharti yapo: usiku asinywe sana, chai ndiyo kabisa, na choo kisimkaukie tumboni maana hubana kibofu. Sawa. Lakini daktari hajaiona nyumba yetu Ramadhani! Toka magharibi ni uji, juisi ya ukwaju, tikiti, chai ya maziwa kwa shangazi yake. Nikimpokonya kikombe naambiwa mwache, mtoto kafunga huyo. Kafunga mpaka saa nne asubuhi!

Sasa mama yake kanunua mpira Darajani, tunautandika chini ya shuka. Godoro limepona. Ila akijigeuza unalia kwacha kwacha usiku kucha, na mwenyewe hasikii kitu. Tunaoamka ni mie, mke wangu, na jirani wa chini, ambaye jana kaniuliza ngazini tunafungasha nini kila usiku.