Siku moja aliyoipunguza mzee Capulet

Ikitajwa tamthilia ya Shakespeare, Romeo na Juliet, hukumu huwa imeshatolewa: mapenzi yaliwaua. Walipendana kwa pupa, wakafunga ndoa kwa siri kwa kuwa koo zao, Montague na Capulet, zilikuwa na uhasama, na kutoka Jumapili hadi Alhamisi usiku wakawa maiti. Hukumu hiyo haikuzuka bure. Jumapili asubuhi Romeo anamlilia msichana mwingine, Rosaline. Usiku huohuo ameshamsahau. Juliet mwenyewe anakiri kwamba kiapo chao ni cha ghafla mno. Mtawa Laurence, kabla ya kuwafungisha ndoa, anaonya kuwa raha kali huishia vikali. Na kule makaburini Romeo anamuua Paris, ambaye kosa lake ni kumpenda Juliet. Hapo sina utetezi.

Lakini tuhesabu siku, tuone ni nani hasa aliyekuwa na haraka.

Jumapili, mzee Capulet, baba yake Juliet, anamwambia Paris, aliyekuja kuposa, kwamba binti hajatimiza miaka 14. Angoje viangazi viwili vingine. Hayo ni maneno ya mzazi mwenye busara. Jumatatu usiku, Tybalt, mpwa wa mkewe, akiwa ameuawa na Romeo mchana wake, mzee huyohuyo anapanga harusi iwe Alhamisi bila kumuuliza binti. Miaka miwili imekuwa siku tatu! Juliet anapiga magoti na kulia. Baba anamjibu kwamba kama hataki, akaombe na kufa njaa barabarani. Jumanne binti anajifanya amekubali. Furaha inampanda mzee, anaisogeza harusi iwe kesho yake, Jumatano, anaagiza wapishi 20 na kukesha.

Siku hiyo moja ndiyo inayoniuma. Mtawa alikuwa amepanga Juliet anywe dawa ya usingizi Jumatano usiku, alale kama maiti kwa saa 42, huku barua ya kumweleza mpango huo ikimfikia Romeo katika mji wa Mantua, alikokimbilia baada ya kufukuzwa kwa kumuua Tybalt. Harusi iliposogezwa, ikabidi ainywe Jumanne. Mjumbe naye akafungiwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni, na barua ikarudi kwa mtawa. Romeo akapata habari tu kwamba Juliet amekufa, akaenda kujiua kando yake; Juliet alipoamka akamfuata. Harusi ingebaki Alhamisi, mtawa angekuwa na siku nzima zaidi ya kutuma mtu mwingine.

Anayesema wangewaeleza wazazi akumbuke kwamba hata yaya, aliyemnyonyesha Juliet, alimshauri aolewe tu na Paris.

Kifo cha Tybalt nacho hubebeshwa mapenzi. Tusome upya. Saa moja hivi baada ya ndoa, Romeo anatukanwa hadharani na anakataa kupigana, kwa kuwa Tybalt sasa ni shemeji yake. Anamwambia kwamba anampenda kuliko anavyoweza kudhani. Anachomoa upanga baada ya rafiki yake Mercutio kuuawa, tena akilalamika kwamba uzuri wa Juliet umemlegeza uanaume wake. Mapenzi yalikuwa yameushika mkono wake. Heshima ya wanaume wa Verona, mji wao, ndiyo iliyouachia.

Alfajiri wazee wawili wanapeana mikono mbele ya maiti za watoto wao. Montague, baba yake Romeo, anaahidi kumsimamishia Juliet sanamu ya dhahabu tupu. Capulet anajibu kwamba ya Romeo haitapungua thamani. Harusi ya Jumatano haitaji.